Mwenye Mbwa Huingia Kwanza

Dada yangu ni mbishi. Nasema kwa mapenzi, na nasema kwa ushahidi, maana nimekula makofi yake tangu natambaa. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Mama husema mtoto huyu alipozaliwa mkunga alimchapa ili alie, naye badala ya kulia akamkazia macho mkunga mpaka mkunga akaomba radhi. Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, akaenda kujiunga na polisi, mahali ambapo neno la kwanza kufundishwa ni "ndiyo, afande". Tukasema hamalizi mafunzo. Akamaliza, akabaki, na vyeo vikawa vinampita mlangoni bila kubisha hodi.

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Kiti kikichanika, sponji ikilala, ngozi ikipasuka, unaniletea mimi. Watu huniita Sindano. Wengine wanasema ni kwa ajili ya kazi, wengine kwa ajili ya wembamba, na walionidai wakati nina hasira wanasema ni kwa ajili ya mdomo. Yote sawa. Nawaeleza haya ili mjue nilifikaje kwenye uwanja wa polisi siku ile, maana raia wa kawaida hana biashara ya kusimama pale akishuhudia mkuu wa kikosi akifanya aliyoyafanya.

Dada yuko kikosi cha mbwa. Alipewa Subira akiwa kijibwa, masikio yanamzidi kichwa, na kazi ya Subira ni kutafuta watu waliopotea. Unampa anuse shati, kandambili, mto wa kulalia, halafu unashika kamba ndefu na kumfuata anakotaka yeye. Kuna mzee mmoja mtaani kwetu aliyeanza kusahausahau, akatoka kwenda msikitini akaishia kusikojulikana. Watu wakatafuta mpaka wakachoka, wengine wakaanza kusema "alikuwa mtu mwema", mnajua tena watu. Subira akamkuta nyuma ya ghala la saruji, amekaa juu ya tairi, mvua inamnyeshea. Akamlamba mkono. Mzee akamtazama Dada, akasema, "Nyie mlikuwa wapi siku zote?" Dada mpaka leo akisimulia anacheka na kulia kwa pamoja.

Kazini wanamwita Mama Subira. Kwa hiyo mimi ni mjomba wa mbwa, nimekubali, nitafanyaje. Mama yetu ndiye aliyekataa. "Mimi bibi wa mbwa? Thubutu!" Lakini mifupa alikuwa akiiweka kando kwenye bakuli lenye kifuniko, na ukimuuliza anakwambia ni ya kutupa, bado hajapata nafasi.

Gari lao la zamani lilikuwa pikapu kuukuu waliyoiita Bibi. Ilikohoa ikiwashwa, ikakohoa zaidi ikizimwa. Lakini nyuma, lo! Nyuma ilikuwa nyumba. Mimi na Dada na fundi chuma wa jirani tuliitengeneza wenyewe kidogo kidogo. Vizimba viwili vya mbwa, madirisha mapana ya wavu kila upande, matundu ya hewa kwenye paa yaliyofunikwa yasiingize mvua, feni yenye betri yake isiyotegemea injini, mkeka wa mpira usioteleza, na ngazi fupi ya kukunja ili mbwa asiruke na kuumia mabega. Kati ya dereva na vizimba tulikata kidirisha. Dada alikitaka hicho kuliko vyote, kwa sababu anapoendesha huwa anaongea na Subira njia nzima, na Subira akisikia sauti yake hatapiki na wala hahangaiki.

Sasa mkuu wa kikosi. Msidhani nitawaletea hapa mtu wa ofisini asiyejua mbwa. Mkuu alikuwa askari wa mbwa kabla Dada hajajua kufunga viatu. Ujanani alikuwa na mbwa wake, Jasiri, na habari za Jasiri kila mtu kikosini anazijua ingawa hakuna anayezisimulia mbele yake. Mkuu alikwenda mahakamani kutoa ushahidi. Akaegesha gari kivulini, Jasiri akiwa nyuma, akafunga vizuri, akaingia ndani. Kesi ikachelewa kuitwa. Kivuli nacho hakimsubiri mtu, kikahama. Aliporudi alikuta kimya, na tangu siku hiyo hakumiliki mbwa mwingine.

Ndipo akaanzisha desturi yao. Haijaandikwa popote, lakini kwa kikosi kile ilikuwa kama kiapo: mwenye mbwa huingia kwanza. Likija gari jipya, au likitoka gereji, askari anaingia mwenyewe ndani ya kizimba, anafungiwa, gari linazungushwa, kisha linaegeshwa juani na kuzimwa. Mkuu ndiye anayekuja kufungua, kwa mkono wake, wakati atakaotaka yeye. Akifungua anauliza neno moja tu: "Unampandisha?" Ukijibu nampandisha, mbwa anapanda. Ukijibu simpandishi, gari linarudi kwa fundi, hata likiwa limeletwa na nani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wale walikuwa wakilala kitandani kwanza.

Basi yakaja magari mapya.

Niliitwa mimi. Nikafurahi, nisiwadanganye, maana kazi ya serikali ni kazi. Nikakuta yamepangwa uwanjani, marefu, rangi ya buluu iliyoiva, yanang'aa mpaka unajiona ulivyokonda. Nikaambiwa yatakabidhiwa karibuni, Kamishna mwenyewe anakuja kukata utepe, na kazi yangu ni kuvalisha viti vya mbele ngozi nzuri, yenye nembo. Nikapima mbele. Mbele palikuwa peponi: kiyoyozi, skrini, mahali pa kuwekea kikombe. Nikauliza, "Na nyuma nishone nini?" Ofisa wa magari akanijibu, "Nyuma ni kwa mbwa."

Nikafungua nyuma. Ee Mungu wangu! Vizimba vya chuma kitupu, laini, hata mimi mwenye viatu vya mpira niliteleza. Vioo vyeusi visivyofunguka. Hewa inatoka kwenye kijitundu kimoja kinacholetewa baridi na kiyoyozi cha mbele, na kiyoyozi hakifanyi kazi injini ikizimwa. Kizingiti kiko juu, hakuna ngazi. Hakuna kidirisha, ukuta tu. Na mlango unajifunga wenyewe kwa komeo la nje, kacha! Baadaye niliambiwa kamati ya kuchagua ilikwenda dukani ikayajaribu. Kweli iliyajaribu. Kamati nzima ilikaa mbele.

Nikampigia Dada simu. "Njoo uone nyumba mpya ya mpwa wangu," nikamwambia, na sikusema zaidi.

Alikuja na Subira. Akaangalia, akapitisha mkono kwenye chuma, akafungua na kufunga mlango. Subira alinusa kizingiti, akarudi nyuma, akakaa. Dada hakusema kitu, na mimi nilipomwona hasemi nikajua kumekucha.

Mkuu alikuwa anapita, mikono mgongoni. Dada akapiga saluti. "Afande, tunaanza lini kuingia?"

"Kuingia wapi?"

"Kwenye magari. Mwenye mbwa huingia kwanza."

Mkuu akatazama chini. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya gari la pili, futi ya kupimia mdomoni, nikamwona uso wake vizuri. Ule haukuwa uso wa mtu asiyejua. Tatizo halikuwa kujua, wote pale walijua. Alikuwa anaogopa, na hilo ndilo lililoniuma.

"Safari hii hatutaingia," akasema. "Sherehe kwanza. Kamishna atafika, mbwa watapanda, magari yatazunguka uwanja, basi. Baadaye tutarekebisha kimyakimya."

"Baadaye ya nani, afande? Keshokutwa tukiitwa kazini mbwa atapanda nini, hotuba?"

"Mama Subira, usinitafutie makubwa. Mimi nimebakiza muda mfupi nistaafu. Magari haya yameombewa miaka. Tukiyakataa mbele ya wakubwa hatupewi mengine."

"Mimi Subira simpandishi."

Mkuu akainua kichwa. Sauti yake ikawa ya amri. "Mbwa yule si wako. Ni wa serikali. Usipompandisha siku ya sherehe, kamba yake atashika mwingine jioni hiyohiyo. Nimeshamaliza." Akaondoka.

Hapo sasa. Si cheo, si sifa, ni Subira. Dada hakuolewa, na msimwulize kwa nini kama mnapenda meno yenu. Subira ndiye anayemwamsha asubuhi, Subira ndiye aliyelala miguuni pake alipougua homa ikatuogopesha wote. Nilitegemea atafoka. Alishika tu sikio moja la Subira, lenye pengo tangu utotoni, akalikunjakunja polepole, mdomo umekaza. Nami nikang'ata futi yangu kwa hasira mpaka ikaacha alama.

Jioni tukaenda kwa Mama. Nilimweleza yote mimi, maana Dada alikuwa amejifungia katika kunyamaza kwake. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, hainui uso.

"Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," Mama akasema. "Mpandishe mara moja, wapige picha zao, umshushe."

"Mama, nikimpandisha mara moja nimesema gari linafaa. Nitalikataaje kesho?"

"Utamwaga unga, mwanangu. Mtu mzima unamwaga unga kwa ajili ya mbwa?"

"Yule mzee wa ghala la saruji alipopotea ulisema nini? Ulisema 'mleteni Subira'. Hukusema mleteni mbwa."

Mama akasukuma sinia pembeni. Halafu akanyanyuka, magoti yakilia, akaingia chumbani, akatoka na pasi. "Lete hiyo sare," akasema. Dada akashangaa. "Lete, umekodoa macho nini? Kama ni kumwaga unga, umwage ukiwa msafi. Watu wasije wakasema mtoto wangu alifukuzwa na makunyanzi." Akaipiga pasi sare ile mpaka mikono ya shati ikawa inaweza kukata mkate. Na alipomaliza akachukua lile bakuli lenye kifuniko, akatoka nalo uani alikofungwa Subira. Aliporudi bakuli lilikuwa tupu.

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali tangu mapema. Waliweka mahema, viti vyenye vitambaa, kipaza sauti kilichopiga mluzi kila kinaposhikwa. Mimi nilikuwepo kwa sababu ya kifungo kimoja cha ngozi kilichokuwa kimelegea, na nikikumbuka vizuri, nilikilegeza mwenyewe. Nikasimama nyuma ya gari la kwanza na sindano yangu na uzi, najifanya nina shughuli.

Askari wa mbwa walijipanga, kila mmoja na mbwa wake mguuni, kwenye kivuli cha hema refu. Mpango ulikuwa hivi: Kamishna aseme machache, akate utepe, kisha Mama Subira, kwa kuwa mbwa wake ndiye mwenye jina, awe wa kwanza kumpandisha, na wenzake wafuate baada ya hotuba yenyewe. Injini zilizimwa ili hotuba isikike. Kamishna, mtu mpole mwenye miwani, akakata utepe, akapigiwa makofi, akasema, "Naam, tuone hao mbwa wetu wanavyopenda gari lao jipya!"

Dada akatembea na Subira mpaka nyuma ya gari. Mlango ulikuwa wazi. Mkuu alikuwa amesimama karibu, jasho linamtiririka shingoni. Dada akamwambia Subira, "Kaa!" Subira akakaa chini ya kivuli cha gari. Dada akaitazama kamba mkononi mwake, akaiweka chini taratibu, mbele ya miguu ya Subira. Akapanda mguu wa kwanza, akapanda wa pili, akainama, akaingia kizimbani na sare yake ile ya pasi ya Mama, akavuta mlango. Kacha!

Makofi! Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho. Kamishna akacheka, akasema kweli askari wetu wanajitolea, kisha akafunua karatasi zake na kuanza hotuba yenyewe. Akasifia rangi. Akasifia skrini. Akasifia sehemu ya kikombe, haki ya Mungu, akaisifia. Na muda wote huo dada yangu yuko ndani ya lile sanduku la chuma, limezimwa, jua linalipiga paani.

Nikasogea. Nikaweka mkono kwenye bodi, nikautoa haraka. "Dada," nikanong'ona penye kijitundu. Kimya. "Dada!"

"Nipo." Sauti ilikuwa ya mtu anayepumua kupitia kitambaa.

"Nakufungulia."

"Sindano, ukigusa hilo komeo mimi na wewe si ndugu tena. Anayefungua ni Mkuu."

Jamani! Moyo ulinambia fungua, lakini sikio linayajua makofi ya yule mwanamke. Subira alikuwa amekaa palepale, hajasogea, lakini ameanza kulia kile kilio chake chembamba puani. Nikamtazama Mkuu. Nikamtazama kwa chuki, sifichi. Nikamwambia, mimi fundi viti, mbele ya nyota zake zote begani, "We mzee, unasubiri kivuli gani?"

Akaja. Akainamisha kichwa mlangoni, akanong'ona kwa meno. "Toka humo."

"Uliza, afande," Dada akajibu toka ndani. "Fungua, ulize unavyouliza siku zote. Nitakujibu."

"Nakuamuru utoke."

"Nitokeje? Huku ndani hakuna kitasa."

Mkuu akashika komeo. Akaliachia. Nyuma yetu Kamishna alikuwa anasema juu ya maendeleo. Mkuu alijua akifungua na kuuliza, jibu litasikika hadi kwenye kipaza sauti.

Ndipo Dada akasema, taratibu kabisa, bila ubishi hata kidogo, "Afande. Huku ndani kuna joto la kuumiza macho. Mtu unaweza kuita, unaweza kugonga. Jasiri alikuwa anagonga na nini?"

Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele yangu namna ile. Mkuu akavua kofia. Akanikabidhi mimi, kama vile niliajiriwa kushika kofia. Akafungua kizimba cha pili, pembeni ya kile cha Dada. Akainua mguu, kizingiti kikamshinda, mtu ana tumbo na magoti ya uzee, nikamsukuma kwa nyuma kwa bega langu, Mungu anisamehe. Akaingia kwa mikono na magoti. Akageuka, akanitazama. "Funga," akasema. Nikafunga.

Askari wenzake Dada waliona. Wa kwanza kutoka kwenye mstari alikuwa kijana mmoja mrefu aliyekuwa haongei na mtu. "Kaa," akamwambia mbwa wake, akaenda gari la pili, akaingia, akavuta mlango. Kacha. Akafuata mwingine. Kacha. Mwingine. Kacha, kacha. Mpaka ikafika mahali Kamishna akainua macho kutoka kwenye karatasi, akakuta mbele yake hakuna askari hata mmoja, ni mbwa watupu wamekaa mstari mmoja chini ya hema, ndimi nje, wanamsikiliza.

Hotuba ikamfia mdomoni. Akashuka jukwaani, akaja mpaka kwenye gari letu, wapambe nyuma. Aliweka kiganja kwenye mlango, akakiondoa upesi na kukitazama. "Mkuu wa kikosi yuko wapi?"

"Nipo humu, Mheshimiwa," ikaja sauti toka kwenye chuma.

"Mbona hutoki?"

"Haifunguki kwa ndani, Mheshimiwa."

Kamishna akavuta komeo mwenyewe. Mkuu akashuka kwa kuteleza, nikamdaka. Shati limemganda, macho mekundu. Hakupiga saluti, hakutafuta kofia. Alikwenda moja kwa moja kizimba cha kwanza, akafungua kwa mkono wake, na mbele ya Kamishna, wageni, wapiga picha na mimi, akauliza kwa sauti ya uwanjani, "Unampandisha?"

Dada akatoka. Sare ya Mama ilikuwa imelowa kama imetolewa kwenye beseni. Alishikilia mlango mpaka kizunguzungu kikampungua, akajibu, "Simpandishi, afande."

"Hata mimi simpandishi," Mkuu akasema. Akamgeukia Kamishna. "Magari haya hayajakamilika, Mheshimiwa. Nilijua, nikanyamaza. Hakuna mbwa wa kikosi changu atakayepanda. Kama kuna mtu wa kuvuliwa mkanda, ni mimi kwanza."

Subira hakungoja siasa. Alimrukia Dada, miguu ya mbele kifuani, akamlamba jasho lote la uso, na Dada akakaa chini kando ya gari lile jipya mbele za watu, akamkumbatia, akalia kwa sauti. Nami nililia. Nani aseme? Nilikuwa nimeshika kofia ya mkuu wa kikosi, nikajifutia.

Msidhani mambo yaliisha kwa vigelegele. Kamishna aliondoka bila kunywa soda. Baada ya siku kadhaa Dada akapewa adhabu kwa kuharibu sherehe ya serikali: alinde geti la makao makuu mpaka itakapoamuliwa vingine. Akaenda. Lakini Kamishna, sijui ni kile kiganja chake kilichomkumbusha, hakuruhusu kamba ya Subira ishikwe na mwingine. Kwa hiyo Dada alilinda geti, na Subira alimlinda Dada, na maofisa waliomtazama vibaya walilazimika kuonyesha vitambulisho vyao kila asubuhi, hata wale anaowajua majina ya watoto wao. "Taratibu ni taratibu, afande," anawaambia, na meno yote nje.

Magari nayo yaliletwa kwetu, kwa fundi chuma na kwangu. Dada akitoka getini anapitia karakana, hata chai hajanywa, anatusimamia. Tulikata madirisha, tukatia wavu. Tukatoboa paa, tukaweka feni na betri zake, na king'ora kidogo kinacholia kwenye simu ya askari joto likipanda. Tukatandika mpira chini, tukaweka ngazi za kukunja. Kidirisha cha kuongelea tukakikata kikubwa kuliko cha Bibi. Mwisho kabisa Dada akasema, "Sasa wekeni kitasa ndani ya kizimba. Cha kufungulia kwa ndani, chenye pini ya kukifunga mbwa akiwamo."

Fundi chuma akacheka mpaka akaweka chini mashine ya kuchomelea. "Mama Subira! Mbwa ana vidole?"

"Hicho si cha mbwa," Dada akasema. "Ni cha atakayeingia kwanza."

Siku ya kuyajaribu hapakuwa na hema wala kipaza sauti. Alikuja Mkuu peke yake, kavaa kiraia, amebakiza siku chache astaafu. Alitukuta, Dada amekunja mikono ya shati, tayari kuingia. Akamzuia kwa mkono. "Mwenye mbwa huingia kwanza," Dada akamkumbusha. "Wewe huna mbwa, afande."

"Nilikuwa naye," Mkuu akajibu.

Akapanda kwa ile ngazi ya kukunja, safari hii hakusukumwa na mtu. Akakaa kizimbani juu ya mpira, magoti kifuani. Dada akafunga. Tukalizungusha gari, Dada akiongea naye njia nzima kupitia kidirisha, juu ya mvua, juu ya magoti ya Mama, juu ya lolote. Tukaliegesha juani, tukazima. Tukasikia feni inaunguruma. Tukasubiri, Subira amekaa mbele ya mlango, masikio juu, na Dada hakugusa komeo.

Kitasa kikazunguka kwa ndani. Mlango ukafunguka, Mkuu akashuka mwenyewe, shati kavu.

Dada akasimama wima mbele yake, akapiga saluti, akamuuliza kile ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. "Unampandisha?"

Mkuu akaangalia ndani ya kizimba kwa muda mrefu. "Nampandisha," akasema, na mdomo ukaanza kumcheza. "Jasiri ningempandisha." Kisha akaniomba kitambaa, nami sikuwa nacho, nikampa kipande cha ngozi.